Dawa, Sumu, na Amana ya Mwenye Kuuza

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba kila kitu kwa kipimo chake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baada ya haya:

Tumeulizwa na ndugu yetu mmoja, mtu wa pwani, ambaye Mwenyezi Mungu amemjaalia riziki yake ya duka huko Mbumbuni, katika kaunti ya Makueni, Ukambani. Swali lake kwa ufupi ni hili. Dukani mwake, pamoja na sukari na unga na mafuta ya taa, watu humtaka vidonge: vya maumivu ya kichwa, vya malaria, na vile vya rangi mbili ambavyo watu huvitumia kwa kikohozi na vidonda. Mwenye pesa chache hutaka viwili au vitatu, naye humkatia. Mtu wa milimani mwenye mtoto anayeungua kwa homa huiona zahanati iko mbali, na mlango wa duka hugongwa usiku. Je, biashara hii ni halali? Na ikiwa si halali, je, kumrudisha mgonjwa mikono mitupu si dhambi iliyo kubwa zaidi?

Swali hili si la Mbumbuni peke yake. Maduka ya namna hiyo yako Mombasa, yako Malindi, yako Lamu, na wengi katika wenye maduka hayo ni ndugu zetu na wanafunzi wetu. Kwa hivyo twaona yatupasa kulijibu kwa urefu kidogo. Na kwa kuwa wanavyuoni wetu wamekubaliana kwamba haihukumiwi juu ya kitu mpaka kijulikane kwanza, tutaanza kwa kueleza dawa yenyewe, kisha ndipo tutoe jawabu.

DAWA HUFANYAJE KAZI

Mtu akimeza kidonge, hakiendi moja kwa moja palipo na maumivu, kama wengi wadhaniavyo. Hushuka tumboni kikayeyuka, kikaingia katika utumbo mwembamba, na huko dawa ikanyonywa na damu. Damu hiyo, kabla ya kuenea mwilini, hupita kwanza katika ini. Ini ni kama forodha ya mwili: hulikagua kila liingialo, likavunja sehemu ya dawa na kuiachia sehemu nyingine ipite. Iliyopita huchukuliwa na damu hata kila kiungo, kizima na kigonjwa. Kisha huvunjwa kidogo kidogo, na mabaki yake hutolewa na figo katika mkojo, au hutoka pamoja na choo.

Ama inavyotenda, mfano wake ni ufunguo na kufuli. Katika chembe za mwili, na katika vijidudu viletavyo maradhi, mna mahali maalumu ambapo dawa hushika. Ufunguo ukiafikiana na kufuli, mlango hufunguka au hufungwa. Usipoafikiana, dawa haina faida, na pengine hushika kufuli nyingine isiyokusudiwa, likatokea dhara. Ndiyo sababu dawa ya bakteria haiui virusi vya mafua, ijapokuwa mgonjwa amemeza pakiti nzima. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikwisha kutufunza kuwa kila ugonjwa una dawa yake, na kwamba mtu hupona kwa idhini ya Mwenyezi Mungu pale dawa inapousibu ugonjwa. Zingatieni sharti hilo la kuusibu, kwani ndani yake mna elimu nyingi.

KIPIMO NA WAKATI

Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, alipoieleza maana ya hadithi hiyo alibainisha kwamba dawa ikizidi kiasi cha ugonjwa humhamisha mgonjwa kwenye ugonjwa mwingine, na ikipungua haitoshi kuushinda. Matabibu wa leo wanasema hayo hayo, na sisi tutatoa mifano miwili, mmoja wa kuzidi na mmoja wa kupungua.

Mfano wa kuzidi ni parasetamoli, ambayo haikosekani nyumbani mwa mtu. Kwa mtu mzima mwenye afya, mwisho wake ni gramu 4 kwa mchana na usiku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Ini, katika kuivunja, hutoa sumu kidogo, na lina akiba yake ya kuizima sumu hiyo. Dawa ikizidi mno, akiba humalizika na sumu hulila ini lenyewe. Na hatari kubwa ni kuwa siku ya kwanza mtu aweza asihisi jambo kubwa, ini likaanza kuharibika baadaye. Tena parasetamoli imo ndani ya dawa nyingi za mafua zenye majina mbalimbali, basi anywaye dawa mbili huenda anakunywa moja mara mbili bila ya kujua.

Mfano wa kupungua ni dawa ya malaria. Wazee wetu waikumbuka klorokwini. Vijidudu viliizoea hata ikawa haifai, na mwaka 1998 Kenya ikaiacha kuwa dawa ya kwanza. Iliyofuata nayo ikadhoofika, na mwaka 2004 ikaamuliwa kutumia dawa ya mchanganyiko wa artemetha na lumefantrini, ikaanza kugawiwa mwaka 2006. Dawa hii hunywewa mara 6 kwa siku 3: mara ya pili ni baada ya saa 8 tangu ile ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Mtu mzima humeza vidonge 4 kila mara, jumla yake 24, na mtoto hupewa kwa uzito wake. Hunywewa pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa, ili mwili uinyonye vyema.

Hekima ya kuchanganya ni hii: artemetha huua vijidudu vingi kwa upesi, lakini hutoka mwilini upesi. Lumefantrini hukaa siku nyingi ikavimaliza vilivyosalia. Basi aliyekatiwa vidonge vitatu hushukwa na homa, akamwombea dua mwenye duka, ilhali vijidudu vilivyosalia vinaongezeka katika damu yake. Homa hurudi, nayo huenda ikarudi kali kuliko mwanzo. Na vijidudu vilivyoonja dawa vikasalimika ndivyo vijifunzavyo kuishinda, dhara likawafikia watu wa mji mzima.

Na hapa twataka kuwakumbusha ndugu zetu juu ya Ramadhani. Mgonjwa wa malaria asiiahirishe dawa yake hata jioni kwa kutaka saumu. Mwenyezi Mungu amemruhusu mgonjwa kula na kulipa siku nyingine, na ruhusa ya Mola haifai kudharauliwa. Ama wenye maradhi ya kudumu, kama sukari na presha, na wamwendee daktari katika Shaabani, awaambie kama yafaa dawa yao kugawanywa baina ya futari na daku, au kama hawafai kufunga. Kujipangia saa za dawa bila ya elimu si uchamungu.

YALIYOTOKEA MAKUENI

Ndugu yetu anakaa katika nchi iliyoona kwa macho yake jinsi kitu kizuri kinavyogeuka sumu. Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni na Kitui na jirani zake, watu walianza kuwa na macho ya manjano na matumbo kuvimba. Walihesabiwa wagonjwa 317, na katika hao walikufa 125. Hawakunywa dawa mbaya wala hawakurogwa. Walikula mahindi yao wenyewe. Mahindi yalivunwa na kuwekwa yakiwa na unyevu, yakaota ukungu, na ukungu ukatoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo hulishambulia ini. Mahindi ya masokoni yalipopimwa, sampuli 350, zaidi ya nusu zilionekana zimepita kiwango kilichoruhusiwa wakati ule.

Katika jambo hilo mna mafunzo mawili. La kwanza, jicho halitoshi. Punje yaweza kuoneka nzima na sumu imo. Vivyo hivyo kidonge: chokaa na dawa huweza kufanana rangi na umbo, na dawa iliyokaa juani karibu na bati huharibika bila ya kubadilika sura. La pili, amana ya mwenye kuuza haimaliziki kwa kusema kuwa mnunuzi amekitaka mwenyewe. Katika hadithi aliyoipokea Muslim tunaelezwa kwamba Mtume alipita penye rundo la nafaka sokoni, akatia mkono ndani, vidole vyake vikakuta unyevu. Mwenye nafaka akasema ni mvua iliyoipata. Mtume akamlaumu kwa kutoiweka ile iliyorowa juu ili watu waione, na akajitenga na kila mwenye kughushi. Basi tazameni: mvua haikuwa kosa la muuzaji, lakini kuificha aibu ya mali kulikuwa kosa lake. Na ikiwa hukumu ya nafaka ni hiyo, itakuwaje hukumu ya dawa?

SHERIA YA DAWA

Wako wasemao kwamba leseni na ukaguzi ni mambo ya serikali ya kutafutia pesa. Twasema, hawakusoma historia yao. Katika miji ya Waislamu alikuwako muhtasibu, mtu wa kusimamia masoko, na kazi yake mojawapo ilikuwa kuwakagua wauza dawa. Al-Shayzari, katika karne ya 12, aliandika kitabu cha kumfunza muhtasibu hila za wenye kughushi dawa na namna ya kuzitambua. Kukataza ghushi katika dawa ni katika kuamrisha mema na kukataza maovu.

Kenya sheria yake ya dawa ni ya mwaka 1957, nayo imezitaja dawa na sumu pamoja katika jina lake, na hilo lina maana kubwa kwa mwenye kufikiri. Chini yake iko Bodi ya Dawa na Sumu, ambayo husajili dawa kabla ya kuuzwa, huandikisha wafamasia, hutoa leseni za maduka ya dawa, na hutuma wakaguzi. Dawa zenyewe zina daraja: ziko nyepesi ambazo mtu hununua bila ya cheti, ziko ambazo hutolewa na mfamasia, na ziko zisizotolewa ila kwa cheti cha daktari. Antibaotiki ni katika hizo za cheti.

Sheria za namna hii hazikuja bure. Mwaka 1937 huko Marekani, kiwanda kiliyeyusha dawa nzuri katika maji matamu yenye sumu bila ya kuyajaribu, wakafa watu zaidi ya 100, na mwaka uliofuata ikatungwa sheria ya kutaka dawa ithibitishwe usalama wake kwanza. Na mwaka 2022, katika nchi ya Gambia ambayo watu wake wengi ni Waislamu, watoto wapatao 70 walikufa kwa kuharibika figo, na dawa za maji za kikohozi zilizotoka nje zikakutwa na sumu ya namna ile ile. Penye ulegevu wa ukaguzi, anayelipa ni mtoto.

JAWABU LETU

Kwanza, kuuza antibaotiki na dawa za malaria kwa mtu asiye na elimu wala leseni, tena kwa kukata viwili vitatu, hakufai. Imepokewa kwa Mtume kwamba ajitiaye katika utabibu bila ya kujulikana kwa elimu hiyo ndiye mwenye dhamana, na wanavyuoni wamesema kuwa atalipa alichokiharibu. Wala nia njema haiondoi dhamana. Tena ni kuvunja sheria iliyowekwa kwa maslaha ya watu, na sheria ya namna hiyo yatulazimu kuifuata.

Pili, dawa nyepesi zilizoruhusiwa kuuzwa madukani hapana ubaya kuziuza, kwa sharti ziwe katika pakiti zake, zenye jina na kipimo na tarehe ya mwisho, zisiwekwe juani, na muuzaji amweleze mnunuzi asiyejua kusoma. Na ziruhusiwazo ni zipi, na amuulize mkaguzi wa dawa, asijikisie.

Tatu, mlango ukigongwa usiku, kumrudisha mtu mikono mitupu si lazima. Na awe na dawa ya kutuliza homa kwa kipimo cha mtoto, na pakiti za chumvi na sukari za kuwanyweshea wenye kuharisha. Na awe na nambari ya simu ya mhudumu wa afya wa kijijini, na ya mwenye gari au pikipiki wa kumchukua mgonjwa. Mtoto mwenye homa na degedege, au asiyeweza kunyonya, au aliyelegea, asingojewe asubuhi. Msaada huo una thawabu kuliko vidonge vitatu vya kubahatisha.

Na neno la mwisho ni kwa matajiri wetu. Wazee wetu walijenga hospitali kwa wakfu, kama ile ya Mansuri iliyojengwa Cairo mwaka 1284, ambamo mgonjwa alitibiwa bila ya malipo. Ikiwa mwenye duka wa Mbumbuni ahukumiwa kuwa hafai kuuza dawa, basi sisi tulio mijini tutaulizwa: ni nani tuliyemsomesha ufamasia ili auze yeye? Mwanafunzi mmoja akisomeshwa kwa zaka au kwa wakfu, akafungua duka la dawa lenye leseni na bei ya haki, hiyo ni sadaka yenye kuendelea. Kukataza bila ya kuonyesha njia ni nusu ya nasaha.

Mwenyezi Mungu ndiye Mponyaji, na Yeye ndiye ajuaye zaidi.