Antena za Nuru: Istilahi na Mipaka ya Sitiari

Utangulizi

Istilahi nyingi za sayansi huzaliwa kwa sitiari: kitu kipya hupewa jina la kitu kikongwe, kisha jina hilo likamwongoza msomaji. Makala haya yanachunguza istilahi moja ya aina hiyo, yaani antena ya nuru, na kuuliza: jina hili linafafanua nini, na linaficha nini?

Dhana na Utendakazi

Antena ya redio hunasa mawimbi yasafiriyo hewani na kuyageuza kuwa mkondo wa umeme. Aghalabu urefu wake hukaribia nusu ya urefu wa wimbi. Nuru nayo ni wimbi la jinsi iyo hiyo, ila ni fupi mno: nuru tuionayo ina mawimbi ya nanomita 400 hadi 700 hivi, na nanomita ni sehemu moja kati ya sehemu bilioni moja za mita. Kwa hivyo antena yake huweza kuwa kijiti cha dhahabu chenye urefu wa nanomita 100 hivi. Nuru inapokipiga, elektroni zake huyumba kwa pamoja na nishati hukusanyika nchani.

Hapa ndipo sitiari inapokoma. Mawimbi ya redio huishia karibu na uso wa metali. Nuru, kinyume chake, hupenya kwa kina kinachokaribia unene wa kijiti chenyewe, na elektroni hukawia kuifuata. Matokeo ni kwamba antena ya nuru huwa fupi kuliko nusu ya wimbi, na sehemu ya nishati hupotea kama joto.

Matumizi

Mnamo 1873, Ernst Abbe alibainisha kwamba hadubini ya lenzi haiwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana kupita takriban nusu ya urefu wa wimbi. Antena huibana nuru katika nafasi ndogo kuliko hiyo, hivyo hutumiwa kuchunguzia molekuli mojamoja. Aidha, mstari mwekundu katika vipimo vingi vya haraka vya malaria hutokana na chembe za dhahabu ambazo elektroni zake huitikia nuru ya kijani na kuifyonza. Wekundu ndio unaosalia.

Hitimisho

Je, tuikatae istilahi hii? La hasha. Humfikisha mwanafunzi mlangoni. Hata hivyo, atakayekikata kijiti chake kwa kanuni ya redio atakosea kipimo. Yampasa mwanaistilahi aijue dhana kabla ya kuipa jina, na aseme wazi jina hilo linaishia wapi.