Kuitambua Injini ya Lori la Zamani Kabla ya Kuagiza Vipuri

Kila msimu wa mavuno ya kahawa katika milima ya Umatengo, malori ya zamani hupata kazi kubwa kuliko nguvu zao. Ziwa Nyasa liko karibu meta 475 juu ya usawa wa bahari, na vijiji vingi vya Mbinga viko juu ya meta 1,300. Basi lori litokalo Mbamba Bay au Liuli na mzigo wa samaki au mihogo halina budi kupanda mlima mkubwa kabla ya kufika mjini Mbinga. Si ajabu, basi, kwamba pistoni, ringi na beringi huchakaa mapema.

Uchakavu una dawa yake. Hasara kubwa huja baadaye, mtu anapotuma fedha Songea au Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilometa 900 kutoka Songea, kisha akaletewa kipuri kisichoingia. Lori hubaki juu ya magogo, magunia hubaki ghalani, na fedha ya wakulima imekwisha. Somo hili laeleza jinsi ya kuiepuka hasara hiyo.

Kwanza, yafaa kila mtu ajue kwamba jina la gari si jina la injini. Malori ya Bedford yalianza kuundwa Uingereza mwaka 1931, na mengi yaliletwa Afrika Mashariki. Baadhi yalifungwa injini za Perkins, ambayo ni kampuni nyingine kabisa, iliyoanzishwa Peterborough mwaka 1932. Tena lori la miaka mingi limepita mikononi mwa mafundi wengi, na huenda injini yake ya asili imekwisha ondolewa. Kwa hiyo mwenye kuagiza kwa kutaja gari tu, au kwa kunakili kadi ya gari tu, anabahatisha. Na aiulize injini yenyewe.

Pili, itafute namba ya injini. Safisha bloki kwa dizeli na brashi ya waya, kisha tazama sehemu iliyochongwa ikawa tambarare, mara nyingi upande wa pampu ya dizeli. Utaona alama za namna mbili. Zilizoinuka juu ya chuma zilitoka kiwandani wakati bloki ilipomiminwa. Bloki za namna moja huweza kutumika kwa injini zaidi ya moja, kwa hiyo usizitegemee peke yake. Zilizodidimizwa ndani ya chuma ndizo namba za injini. Ziandike zote, herufi na tarakimu, bila kuacha hata moja.

Tatu, jifunze kuisoma alama hiyo. Perkins ya 6.354 ina silinda 6 na ujazo wa inchi za ujazo 354, ndizo kama lita 5.8. Perkins ya 4.236 ina silinda 4 na inchi za ujazo 236. Katika Scania ya DS11, herufi D ni dizeli, S ni turbo, na 11 ni lita. Isuzu ya 6BD1 na Mitsubishi ya 6D14 nazo huanza kwa idadi ya silinda.

Nne, pima. Huenda alama imefutika kwa kutu, au bloki imebadilishwa. Vipimo viwili vyatosha kuanza: kipenyo cha silinda, na mwendo wa pistoni kutoka juu hadi chini. Kipenyo kipimwe chini kabisa, mahali ringi zisipofika, kwa maana hapo chuma hakijalika. Tazama jinsi ndugu wa ukoo mmoja wanavyofanana kwa sura na kutofautiana kwa kipimo:

Mitsubishi 6D14: kipenyo milimeta 110, mwendo 115.
Mitsubishi 6D15: kipenyo milimeta 113, mwendo 115.
Mitsubishi 6D16: kipenyo milimeta 118, mwendo 115.
Isuzu 6BB1: kipenyo milimeta 102, mwendo 110.
Isuzu 6BD1: kipenyo milimeta 102, mwendo 118.

Injini tatu za kwanza zina mwendo mmoja, bali vipenyo mbalimbali. Mbili za mwisho zina kipenyo kimoja, bali mwendo mbalimbali. Basi fundi akisema, "Pistoni imeingia, ndiyo yenyewe," mwambie kwamba upana peke yake si ushahidi. Ni lazima pia urefu kutoka pini hadi kichwa cha pistoni ulingane na ule wa zamani.

Walimu waweza kuifanya hesabu hii darasani. Zidisha kipenyo kwa kipenyo, kisha kwa 0.7854, kisha kwa mwendo, kisha kwa idadi ya silinda. Kwa Isuzu 6BD1, tukitumia sentimeta: 10.2 mara 10.2 ni 104.04, mara 0.7854 ni 81.71; mara 11.8 ni 964.2, mara 6 ni 5,785. Ndizo lita 5.8 kasoro kidogo. Jibu likiwa mbali na ujazo wa injini iliyotajwa, ama kipimo kimekosewa ama alama si ya bloki hiyo.

Tano, angalia kama injini imekwisha chongwa zamani. Silinda ikichongwa hupanuka, na pistoni yake hupigwa alama kichwani, kama 0.25, 0.50 au 1.00, yaani milimeta zilizoongezwa. Katika injini za Kiingereza za zamani utaona 020 au 030, nazo ni sehemu za elfu za inchi. 020 ni karibu nusu milimeta. Kranki ni kinyume chake: ikisuguliwa hupungua, kwa hiyo beringi zake huwa nene zaidi. Alama ya beringi husomwa mgongoni mwake.

Mwisho, barua ya kuagiza iwe na maneno kamili, kwa mfano huu:

"Twataka pistoni 6 pamoja na ringi na pini zake. Gari ni Isuzu. Injini ina alama 6BD1, na namba yake yote ni hii tuliyoiandika hapa chini. Kipenyo milimeta 102, mwendo 118. Pistoni za zamani zina alama 0.50, na silinda hazitachongwa tena. Twaleta pistoni moja ya zamani iwe kielelezo."

Chama cha ushirika au mwenye lori ayaandike mambo haya leo, injini ingali nzima, wala asingoje siku ya kukwama mlimani. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.