Somo: Rais Anapopingwa Ndani ya Chama Chake

Ndugu wafanyakazi, katika nchi nyingi rais aliye madarakani hupitishwa na chama chake kwa makofi. Marekani utaratibu ni mwingine. Huko wanachama katika kila jimbo hupiga kura za mchujo au hukutana kuchagua, na wajumbe wanaopatikana ndio wanaomteua mgombea kwenye mkutano mkuu. Rais naye lazima apite mlango huo huo.

Tuchukue mwaka 1980. Rais Jimmy Carter wa chama cha Demokrati alikuwa na shida: bei za vitu zilikuwa zimepanda kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Tarehe 7 Novemba 1979 Seneta Edward Kennedy wa chama hicho hicho alitangaza kumpinga. Alidai bima ya afya kwa wananchi wote, na kazi.

Hapo wafanyakazi waligawanyika. William Winpisinger, kiongozi wa chama cha mafundi mitambo, alikuwa upande wa Kennedy. Chama kikubwa cha walimu, NEA, kilikuwa na Carter, ambaye alikuwa amewaundia Wizara ya Elimu. Hatuwalaumu walimu, walilipa deni.

Siku tatu kabla ya tangazo la Kennedy, ubalozi wa Marekani mjini Tehran ulitekwa, na watu wakamzunguka rais wao kama kawaida ya watu wakati wa hatari. Januari, huko Iowa, Carter alipata asilimia 59, Kennedy 31. Baadaye Kennedy alishinda New York, Pennsylvania na California, lakini alikuwa amechelewa. Agosti, mkutano mkuu ulikataa kuwafungua wajumbe wapige kura wapendavyo, na Carter akateuliwa.

Je, Kennedy alitoka mikono mitupu? Hapana. Wajumbe wake walipitisha katika ilani mpango wa dola bilioni 12 za kuleta kazi. Ila ilani si bajeti, na Carter hakukubali kufungwa na kiasi hicho.

Novemba, Ronald Reagan wa Republican alishinda majimbo 44 kati ya 50. Wapo wanaomtupia Kennedy lawama. Sisi tunaona bei na mateka wa Tehran vilimwangusha Carter zaidi.

Shirikisho la AFL-CIO lilikuwa limerudi kwa Carter, lakini PATCO, chama cha waongoza ndege, kilimuunga mkono Reagan. Walipogoma Agosti 1981, Reagan aliwafukuza zaidi ya 11,000.

Swali la kujadili tawini: mafundi mitambo wangedai nini kwa Carter kabla ya kumrudia?