Vilabu vya 4-K: Mtoto Hujifunza kwa Mikono Yake

Wazazi wengi hapa Nyanchwa wanakumbuka siku zao za shule: aliyechelewa alipewa jembe, aliyepiga kelele akatumwa kung'oa magugu. Wengi walimaliza masomo wakiamini kwamba shamba ni adhabu. Leo mashamba ya Gusii yamegawanywa mara nyingi hadi familia nyingi zimebaki na chini ya ekari moja. Kipande hicho kidogo kinahitaji mkulima mwenye ujuzi, na vilabu vya 4-K vinaweza kumlea.

4-K ni nini?

Ni Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Vilabu hivi vilianza nchini mwaka wa 1962, vikifuata mfano wa vilabu vya 4-H vya Marekani, ambavyo chanzo chake ni kikundi cha watoto kilichoundwa Ohio mwaka wa 1902. Wakati huo wataalamu wa Marekani waligundua kwamba wakulima wazee walisita kupokea mbinu mpya, lakini watoto walizijaribu, na wazazi wakafuata walipoona mavuno. Hapa Kenya vilabu vilififia baadaye, kisha Serikali ikavizindua upya mwaka wa 2021. Vinaenda sambamba na Mtaala wa Umilisi (CBC), unaomtaka mwanafunzi atende, si kukariri tu.

Somo la mfano: chinsaga kwenye gunia

Mradi huu hauhitaji shamba kubwa. Unaweza kufanywa shuleni au nyumbani.

1. Pima mbegu. Weka mbegu 20 juu ya karatasi yenye unyevu, uzifunike mahali penye joto na giza. Baada ya siku kumi hesabu zilizoota. Zikiwa 15, hiyo ni asilimia 75. Mbegu za chinsaga zilizovunwa karibuni huota vibaya. Zihifadhi pakavu kwa miezi mitatu au zaidi. Ni afadhali mtoto aligundue hilo kwenye karatasi kuliko shambani.

2. Jaza gunia. Changanya udongo na samadi iliyooza vizuri. Simamisha mkebe usio na kitako katikati ya gunia, uujaze kokoto, kisha jaza mchanganyiko kuuzunguka. Vuta mkebe juu kidogo kidogo ukiendelea kujaza, hadi nguzo ya kokoto ifike juu. Maji yatapitia hapo na kufika chini.

3. Panda. Nyunyiza mbegu za chinsaga juu ya gunia. Toboa mashimo ubavuni, upande miche ya managu au sukuma wiki.

4. Tunza na uandike. Kila mwanachama awe na daftari: tarehe ya kupanda, maji, wadudu, mavuno, pesa. Chinsaga huanza kuvunwa baada ya wiki nne hadi sita. Kata maua yanapochipuka ili majani yaendelee kuja, lakini acha mimea michache itoe mbegu za msimu ujao.

Hapo mtoto amesoma hisabati, sayansi na biashara bila kufungua vitabu vitatu.

Jukumu letu

Walimu, tusitumie bustani ya klabu kama adhabu. Mtoto hatapenda kazi aliyoifanya kwa kuaibishwa. Mavuno na hesabu zake pia ziwe wazi kwa wanachama, kwa sababu wanaotoa jasho wana haki ya kujua lilikoenda. Mboga zikinyauka, waulize watoto sababu kabla ya kuwalaumu.

Wazazi, mpe mwanao kona moja ya boma, hata kama inatosha gunia moja tu, na umwache aamue. Bibi na babu nao wana ujuzi wa mboga za kienyeji usiopatikana vitabuni, waalikeni klabuni.

Shule isiyo na klabu inaweza kuanza kwa kuchagua mwalimu mlezi na viongozi miongoni mwa wanafunzi, kisha kumwona afisa wa kilimo wa wadi kwa ushauri. Gunia moja latosha kuanzia.