Ijue Hali ya Makundi Yako

JUMATANO

Soma Mithali 27:23–27. Mfugaji anaagizwa kufanya nini, na fungu la 24 linatoa sababu gani?

Mfugaji wa Mithali haambiwi tu aombe mvua. Anaambiwa awajue kondoo na mbuzi wake: ni wangapi, wana hali gani, watatoa nini. Sababu ni kwamba mali hupita, na hata enzi ya mfalme ina mwisho. Anayehesabu leo anajua maziwa na mavazi ya nyumba yake yatatoka wapi kesho.

Katika makanisa yetu wako wengi waliojiajiri: wenye maduka, mafundi cherehani, mama lishe, wenye mashine za kusaga. Mwajiriwa hukatwa mchango wa pensheni kabla hajaushika mshahara wake. Aliyejiajiri hana wa kumkatia. Asipojikatia mwenyewe, uzee utamkuta mikono mitupu, hata kama duka lake lilijaa wateja miaka thelathini.

Tuchukue mfano wa mwenye mashine ya kusaga. Miezi minne ya mavuno mashine huingiza shilingi 900,000 kwa mwezi. Miezi minane iliyobaki, 500,000. Umeme, kodi ya pango na mshahara wa kijana wa mashine ni wastani wa 350,000 kila mwezi. Mwezi wa mavuno zinabaki 550,000, naye hudhani hicho ndicho kipato chake. Lakini hesabu ya mwaka mzima inasema hivi: yaliyoingia ni 7,600,000, yaliyotoka 4,200,000, faida 3,400,000. Ondoa zaka, 340,000. Ondoa 600,000 za akiba ya kununua mashine nyingine hii itakapochakaa. Zinabaki 2,460,000, yaani 205,000 kwa mwezi. Hicho ndicho anachoweza kutumia, kutoa sadaka na kuweka akiba.

Sasa atazame mbele. Siku atakapokosa nguvu za kusimamia kazi, atahitaji msimamizi. Akimlipa 100,000 kwa mwezi, faida ya mwaka itashuka hadi 2,200,000. Baada ya zaka na akiba ya mashine, atabaki na 115,000 kwa mwezi. Ikiwa matumizi yake ya uzeeni ni 180,000, kuna pengo la 65,000 kila mwezi. Kwa miaka 15 pengo hilo ni 11,700,000. Akianza kuweka akiba miaka 20 kabla, atahitaji 48,750 kwa mwezi. Akianza miaka 10 kabla, 97,500, karibu nusu ya kipato chake. Na kwa kuwa bei hupanda, hesabu hii irudiwe kila mwaka.

Soma Mwanzo 41:33–36, 47–49. Yusufu alitenga sehemu gani ya mavuno, na alianza lini?

Yusufu alitenga sehemu ya tano, na aliitenga wakati wa shibe. Hakungoja ng'ombe waliokonda watokee ndipo ajenge ghala. Kwa mwenye mashine yetu, miezi ya mavuno ndiyo miaka ya shibe. Mwezi wa kawaida hubakiwa na 150,000 tu. Akizila zote 550,000 za mwezi wa mavuno, hatakuwa na ghala.

Soma Luka 12:16–21. Tajiri huyu naye alipanga kujenga maghala. Anatofautianaje na Yusufu?

Wote wawili walihesabu, wote wawili wakapanga kuhifadhi. Ghala la Yusufu lililisha watu wengi. Katika mipango ya tajiri yule hamkuwa na jirani wala Mungu. Yesu hakumlaumu kwa kupiga hesabu, kwani mwenyewe alifundisha kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara (Luka 14:28–30). Basi akiba ya uzeeni si dalili ya kukosa imani. Hugeuka kuwa sanamu pale tunapoitegemea badala ya Mungu, au tunapoijaza kwa kupunguza zaka na kumfungia mlango mwenye njaa.

Wengine husema, "Watoto ndio pensheni yangu." Ni kweli kwamba Yesu aliwakemea waliokwepa kuwatunza wazazi kwa kisingizio cha sadaka (Marko 7:9–13). Hata hivyo, wajibu wa mtoto haumwondolei mzazi wajibu wake. Mzazi aliyejiandaa humpunguzia mwanawe mzigo wakati ambao mwana huyo naye anasomesha.

Soma Hesabu 8:24–26. Walawi walipofika miaka 50 waliacha kazi nzito, wakaendelea kuwasaidia ndugu zao. Kustaafu kwao kulibadilisha utumishi, hakukuufuta. Mtu asiyehangaikia mlo wa jioni ana nafasi ya kutembelea wagonjwa na kulea vijana kanisani.

Maswali ya Kujadili

1. Je, unaweza kutaja leo, bila kubahatisha, kiasi kinachobaki katika biashara yako kwa mwaka mzima? Kama huwezi, wiki hii utaanza kuandika nini?

2. Wako wazee kanisani ambao nafasi ya kuweka akiba imekwisha kuwapita. Darasa lenu linaweza kuwafanyia nini bila kuwaaibisha?

3. Utatambuaje kwamba akiba yako imeanza kuchukua nafasi ya Mungu?