Mashine ya Boti Inapokataa Kuwaka Ziwani

Wengi wa wasomaji wetu walioko katika mialo ya Ggaba, Port Bell na Munyonyo wanaijua mashine ya boti kuliko sisi tuvaao sare. Hata hivyo, tumeona inafaa kulitenga somo la toleo hili kwa ajili yake, kwa kuwa mashine iliyozimika katikati ya maji haimhusu fundi peke yake. Usalama wa watu hutangulia, ufundi hufuata, na ni mpangilio huo hasa tunaotaka kuufundisha hapa.

Hatujalisahau tukio la tarehe 24 Novemba 2018, pale boti ya starehe iitwayo MV Templar ilipopinduka karibu na ufuo wa Mutima, wilayani Mukono, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Polisi walieleza wakati ule kwamba boti ilikuwa imepakia kupita kiasi, haikuwa na leseni, na hali ya mitambo yake ilikuwa mbovu. Wavuvi waliokuwa karibu walikwenda kuokoa, na ikaripotiwa kuwa boti yao mojawapo nayo ilipinduka kwa sababu watu waliirukia kwa pamoja. Tunalitaja tukio hili ili ieleweke kwamba chombo kibovu na abiria wenye taharuki ni hatari zinazozidishana.

Boti inayotembea huyakata mawimbi kwa omo, yaani sehemu yake ya mbele. Mashine ikizimika, upepo huigeuza muda si mrefu, na mawimbi yakaanza kuipiga ubavuni, mahali ambapo haikuundwa kustahimili. Wakati huo huo abiria husimama ili waone kilichotokea, na vijana wenye nguvu huelekea tezini kumsaidia nahodha kuvuta kamba. Tezi, ambayo ni nyuma ya boti, tayari imebeba mashine, madumu ya mafuta na nahodha mwenyewe. Wakiongezeka watu watano hapo, ukingo hushuka na wimbi la kawaida tu linatosha kuingia ndani. Kwa sababu hiyo amri ya kwanza ya nahodha iwe hii: kila mtu aketi alipo, na kila mtu avae jaketi la kuokolea na kulifunga. Jaketi lililokaliwa kama mto halimwokoi mtu.

Amri ya pili ni nanga. Katika sehemu ya ndani ya Ghuba ya Murchison, iliyo mbele ya Ggaba na Port Bell, kina ni cha mita chache tu, na nanga yenye kamba ndefu itashika. Kamba iwe mara tano ya kina au zaidi, nayo ifungwe omo, kamwe isifungwe tezini. Huko nje, katika njia ya Koome au Kalangala, kina huongezeka na kamba fupi haifiki chini. Basi funga ndoo imara au dumu lililokatwa mdomo, ulitupe majini kutoka omo. Likijaa maji litaburuta na kuifanya boti iendelee kuyatazama mawimbi.

Saa nayo izingatiwe. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea nchi kavu. Usiku hugeuka, ukatoka nchi kavu kuelekea ziwani. Kwa hiyo boti iliyozimika alasiri mbele ya Ggaba huenda ikasukumwa kurudi ufukweni, lakini boti hiyo hiyo ikizimika saa nne usiku husukumwa kwenda maji makuu, na ni usiku na alfajiri ambapo dhoruba nyingi za Ziwa Viktoria hutokea. Nahodha anayesema "tutajaribu kwanza" saa kumi na mbili jioni anautumia muda wa mwanga ambao waokoaji wangeuhitaji. Piga simu 999 au 112 mapema. Taja mwalo ulikotoka, saa uliyoondoka, ulikokuwa unakwenda, idadi ya watu, na kisiwa au kilima unachokiona na upande kilipo. Ukifaulu kuiwasha baadaye, piga tena utuambie, na hakuna atakayekulaumu.

Baada ya hayo ndipo tuigeukie mashine.

Mashine ya petroli huhitaji mafuta, hewa na cheche. Mtu aliyetaharuki huvuta kamba mara 30 bila kuuliza ni kipi kati ya hivyo kimekosekana, akaishia na mabega yaliyochoka na mashine iliyofurika mafuta. Tunashauri aanze na mambo yasiyohitaji hata bisibisi. Je, kile kibanio chenye kamba ya usalama, ambacho nahodha hukifunga mkononi, kimekaa mahali pake? Kikichomoka, cheche hukatika, nayo mashine haitawaka hata ivutwe na watu kumi. Mara nyingi hung'olewa na abiria aliyepita karibu bila kujua. Je, gia iko huru? Mashine nyingi zimewekewa kizuizi ili zisiwake zikiwa ndani ya gia, na kamba ikiwa ngumu isivyo kawaida, anza kuchunguza hapo.

Kisha tazama tangi. Juu ya kifuniko cha tangi la kubebeka kuna parafujo ndogo ya kupitisha hewa. Hufungwa wakati wa kusafirisha tangi ili mafuta yasimwagike, halafu husahaulika. Ikiwa imefungwa, mashine huwaka vizuri mwaloni, hutembea dakika kadhaa, kisha huzimika ikiwa mbali, kwa maana mafuta hayawezi kutoka pasipo hewa kuingia. Dalili yake iko katika lile puto la mpira lililo kwenye bomba la mafuta: likinywea na kubaki bapa, hewa haiingii tangini au bomba limeziba upande wa tangi. Puto likibonyezwa mara nyingi bila kuwa gumu, ama tangi ni tupu, ama bomba linavuta hewa kwenye maungio. Mshale ulioandikwa juu ya puto uelekee kwenye mashine.

Ukisikia harufu kali ya petroli baada ya kuvuta kamba mara nyingi, mashine imefurika. Rudisha choki, fungua mafuta hadi mwisho gia ikiwa huru, vuta kamba mara chache, kisha uiache dakika kumi. Subira ya dakika kumi ni ngumu kwa nahodha aliyezungukwa na abiria wanaolalamika, nasi tunaielewa hali hiyo. Lakini nanga ikiwa imeshika, dakika hizo zipo.

Nahodha mwenye ujuzi na spana anaweza kufungua plagi, nayo itamweleza mengi. Plagi kavu kabisa ina maana kwamba mafuta hayafiki, basi arudi kwenye bomba, chujio na tangi. Plagi iliyolowa petroli huonyesha kuwa mafuta yanafika ila hayaungui: aikaushe au aweke nyingine. Ikiwa na matone ya maji, mafuta yamechanganyika na maji, na hapo kosa lilifanyika zamani, pale petroli iliponunuliwa katika dumu lililosuuzwa halafu halikukaushwa. Plagi nyeusi yenye masizi na mafuta mazito mara nyingi hutokana na oili iliyozidi. Mashine nyingi za mipigo miwili hutaka lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli, hivyo tangi la lita 24 huhitaji takriban nusu lita. Kitabu cha mashine yako ndicho cha kufuatwa. Kukadiria kwa kifuniko cha chupa, kama tunavyoona mialoni, huunguza mashine oili ikipungua na kuchafua plagi ikizidi.

Jambo moja tunalikataza. Mafundi hupima cheche kwa kuigusisha plagi kwenye chuma na kuvuta kamba. Nchi kavu, mahali penye hewa, fundi anajua namna ya kujikinga. Ndani ya boti yenye madumu ya petroli na abiria 20, cheche hiyo ni kiberiti. Vilevile, kifuniko cha mashine kikiondolewa, gurudumu la juu hubaki wazi. Abiria mwenye gomesi, leso au nywele ndefu asikae karibu nalo.

Maji yetu yana adui mwingine, nayo ni magugu maji na mifuko ya plastiki ambayo hapa Kampala tunaiita kavera. Vyote viwili hujisokota kwenye propela na kuziba matundu yanayonyonya maji ya kupoza mashine. Mashine iliyozimika kwa joto isilazimishwe kuwaka kabla haijapoa na matundu hayajasafishwa. Ng'oa kile kibanio cha usalama kabla mkono wako haujaifikia propela.

Pikipiki za maji, zile zinazokodishwa kwa starehe, zina tabia zake. Hazina propela ya nje. Hunyonya maji kwa chini na kuyarusha nyuma, hivyo kavera moja inaweza kuzikosesha nguvu kabisa. Kabla ya kuwasha, hasa baada ya kujaza petroli, inua kiti kwa dakika chache ili mvuke uliokusanyika utoke, kwa kuwa sanduku la mashine limefungwa pande zote. Chombo kikipinduka, kigeuze kwa kufuata upande ulioonyeshwa kwenye kibandiko cha nyuma, kwani upande usiofaa huweza kuingiza maji ndani ya mashine. Maji yakishaingia usiendelee kubonyeza kitufe cha kuwashia, mpelekee fundi. Kikivutwa, kivutwe polepole sana, maana mwendo wa kasi husukuma maji hadi ndani ya mashine iliyozimika. Na mpandaji abaki nacho. Chombo kinachoelea huonekana kwa mbali. Kichwa cha mtu anayeogelea kuelekea ufukweni hakionekani.

Abiria pia wana sehemu yao, na huanza kabla ya kupanda. Sheria ya Usafiri wa Majini ya mwaka 2021 inataka vyombo visajiliwe na viwe na leseni, na si utovu wa adabu kumwuliza nahodha juu ya hayo. Itazame mashine inapowashwa mwaloni. Ikihitaji kuvutwa mara 15 pale ambapo maji yametulia, au ikizimika kila gia inapoingizwa, shuka, udai nauli yako. Nahodha akikataa kuirudisha, au akiondoka na watu katika hali hiyo, mweleze askari wa mwalo au kituo cha polisi kilicho karibu jina la boti na saa ilipoondoka, ili tujue mapema ni chombo gani tutakitafuta.