Bahari Zisizo na Maji: Somo la Kutazama Mwezi na Mirihi kwa Kompyuta



Wapendwa waseminari na waamini, sisi wa Iringo na Musoma yote tunalijua Ziwa Viktoria. Ukisimama ufukweni huoni ng'ambo. Kutoka mashariki hadi magharibi lina kilomita 240 hivi. Tukiwa na kipimo hicho akilini, leo tutazame mbali zaidi.

Maandalizi

Programu ya Google Earth Pro imekuwa ikitolewa bure tangu mwaka 2015. Juu ya dirisha lake kuna alama ndogo ya sayari yenye pete. Tukiibofya, tunaweza kuchagua Dunia, anga la nyota, Mirihi au Mwezi. Picha hizo huja kwa intaneti, hivyo afadhali tukusanyike mbele ya kompyuta moja kuliko kila mmoja kumaliza bando lake.

Zoezi la kwanza: Mwezi

Tuandike Clavius katika kisanduku cha kutafutia. Tutaona kreta kubwa yenye kreta ndogo ndani yake. Tuipime kwa rula ya programu: ni karibu kilomita 230, yaani inakaribia upana wa ziwa letu. Ngorongoro, yenye kilomita 20 hivi, ingekuwa kishimo tu humo.

Padre Christopher Clavius alikuwa Mjesuiti aliyesaidia kurekebisha kalenda chini ya Papa Gregori XIII, mwaka 1582. Jina lake liliwekwa Mwezini na Mjesuiti mwenzake, Padre Riccioli, katika ramani aliyoichora Padre Grimaldi na kuchapishwa mwaka 1651. Humo ndimo ilimoitwa Bahari ya Utulivu, mahali walipotua wanaanga wa Apollo 11 Julai 1969. Lakini "bahari" hiyo haina maji. Ni tambarare ya mawe meusi yaliyotokana na volkano.

Zoezi la pili: Mirihi

Tuandike Olympus Mons. Mlima huu una kimo cha zaidi ya kilomita 21, zaidi ya mara 3 ya Kilimanjaro. Kisha tufungue ramani ya miinuko yenye rangi. Tutaona buluu nyingi upande wa kaskazini, na wengi wetu tutasema, "Maji!" Hapana. Chombo Mars Global Surveyor kilipima miinuko kwa leza, na watu wakachagua buluu kuonyesha mabonde na nyekundu kuonyesha miinuko.

Tunajifunza nini?

Jina si kitu chenyewe, wala rangi ya ramani si rangi ya mahali. Picha za sayari hutumwa kwenye simu zetu zikiwa na maneno ya kutisha, na mwamini huja kuuliza kama mwisho wa dunia umefika. Tusimcheke, wala tusimwongezee hofu. Tuketi naye tuulize: picha hii imepigwa na nani? Rangi zake zina maana gani? Kipimo chake ni kipi?

Kanisa haliogopi maswali hayo. Papa Leo XIII aliiweka upya Nyumba ya Uangalizi wa Nyota ya Vatikani mwaka 1891, nayo ingali inafanya kazi. Mwongo hauwezi kumtukuza Muumba. Kazi yake tuieleze kama ilivyo.

Maswali ya kujadili

1. Ni mara ngapi tumeamini picha kabla ya kuuliza maana yake?
2. Tukiisha kupima Clavius, tuisome Zaburi ya 8. Inatugusaje sasa?